Pikipiki Iliyokamilishwa kwa Awamu

Ofisi ya Ukamilishaji, Bulawayo, ilipata heshima ya kuutangazia umma kwamba Mkurugenzi wake, Bwana Mgcini Tshuma, amenunua pikipiki ya kale kwa nia ya kuifufua. Tangazo lilibandikwa mlangoni, juu ya lile lililoomba radhi kwamba ngazi za kwenda ghorofani zitajengwa katika awamu inayofuata.

Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuthibitisha kwamba miradi ya serikali imekamilika, na Mgcini aliifanya kwa moyo mmoja. Alithibitisha daraja lililoishia katikati ya mto. Alithibitisha kisima ambacho maji yake yalikuwa bado kwenye majadiliano. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba jambo likishatamkwa vizuri, limekwisha.

Pikipiki, lakini, aliipenda kwa dhati. Utotoni alikuwa akiikimbiza nyingine kama hiyo, iliyoendeshwa na tarishi wa posta, apate kusikia ngurumo yake hadi mwisho wa mtaa. Kwa hiyo aliposikia kwamba MaDlodlo wa mtaa wa Njube anauza ile ambayo marehemu mumewe aliiacha vipande vipande, alikwenda siku ileile, na suti yake, na dereva, na gari la ofisi.

"Ndiyo hii," alisema MaDlodlo. "Marehemu aliifungua akasema ataifunga Jumamosi. Jumamosi gani, hakusema."

Fremu ilikuwa uani chini ya blanketi. Magurudumu yalining'inia jikoni, tangi la mafuta lilihifadhi vitunguu, na injini ililala ndani ya karai, imefunikwa shuka safi kama mgonjwa.

Mgcini akakohoa kikazi. "Mama, sisi hununua kwa awamu. Awamu ya kwanza, fremu, magurudumu, tangi na usukani. Injini itaingia awamu ya pili, baada ya tathmini shirikishi."

"Yaani unamchukua bibi harusi, kichwa unatuachia sisi?"

"Ni utaratibu, mama."

"Haya. Mimi na injini tutausubiri huo utaratibu."

Kila jioni Mgcini aliisugua kutu kwa mikono yake mwenyewe, akapaka rangi nyekundu, akawa anaizungumzia pikipiki kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu uchumba. Kisha ofisi ikaandaa sherehe ya uzinduzi. Waziri wa Mambo Yaliyokwisha alihudhuria, kwa kuwa hakuwahi kukosa uzinduzi wenye nyama choma. Akakata utepe.

"Iwasheni tuisikie!"

Kimya kilipozidi, mhasibu Zibusiso alichutama nyuma ya gurudumu akanguruma kwa kinywa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Injini tulivu sana," alisema Waziri, akatia saini hati ya ukamilifu. "Na kwa kuwa Mkurugenzi sasa ana usafiri uliokamilika, gari la ofisi nitalichukua mimi."

Watu walipiga makofi. Mgcini naye alipiga, maana alikaa mstari wa mbele.

Tangu hapo alikwenda kazini akiisukuma. Mtaa mzima ulimjua.

"Mzee, unaipeleka kliniki?"

"Tshuma, mbona ni kama yenyewe ndiyo imekupanda wewe!"

Aliwajibu wote kwamba anapunguza matumizi ya mafuta. Soli ya kiatu ilipoachia kwenye njia ya reli, aligeuza akaisukuma hadi Njube.

"Mama, nimekuja kwa awamu ya pili."

"Ya nini? Redio ilisema imekamilika, na aliyenukuliwa ni wewe."

"Haina injini, mama."

"Nikikuuzia kitu usichokihitaji, mwanangu, huo ni utapeli. Kaseme kulekule ulikosemea. Useme haijakamilika. Injini yako utaipata."

Mgcini alikaa kwenye benchi la uani. Neno lile halikuwahi kutoka ofisini kwake. Pikipiki ikisemwa haijakamilika, watu wataanza kulitazama daraja. Angeweza kupoteza kazi, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Lakini tangu yule tarishi alikuwa hajaisikia tena ile ngurumo, na umri ulikuwa unakwenda.

Asubuhi alibandika mlangoni, kwa saini na muhuri: *Pikipiki ya Mkurugenzi haijakamilika.*

Kabla ya chai, foleni ilikuwa imefika barabarani. Walikuja watu wa daraja, suruali zimelowa hadi mapajani. Walikuja wanawake wa kisima na ndoo zao tupu. Alikuja mwalimu mkuu ambaye shule yake ilikuwa mlango mtupu. Wote walitaka hati kama ile ya mlangoni.

"Bosi, tufanyeje?" aliuliza Zibusiso.

"Piga muhuri."

Mchana MaDlodlo aliingia akisukuma toroli lenye karai. Mgcini aliikumbatia injini akiwa na shati lake jeupe, mbele ya wadau wote, na hakuna aliyecheka.

Jioni foleni ilipokaribia kwisha, alifika mezani mtu aliyeshusha kofia hadi machoni.

"Tshuma," alinong'ona, "nami nipe hiyo hati."

"Ya mradi gani, Mheshimiwa?"

"Nyumba yangu ya serikali. Haina choo. Kila nikimpigia mkandarasi, ananisomea hati yako ya ukamilifu. Tangu Krismasi tunakwenda vichakani, mimi na mama watoto."

"Poleni sana." Mgcini alichukua kalamu. "Na choo hicho, nani alikizindua rasmi?"

Waziri akaivuta kofia chini zaidi. "Mimi."

"Ongeza sauti kidogo, Mheshimiwa. Mhasibu anaandika."