Dume la Sikukuu ya Kaizari

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na saba Januari, mwaka 1912, sikukuu ya kuzaliwa Kaizari wa Wadachi. Kaizari mwenyewe sijapata kumwona, wala yeye hajapata kunywa kahawa yangu, lakini kila mwaka akizaliwa, uchungu tunashikwa sisi watu wa Morogoro.

Nauza kahawa barazani kwa Chandulal, karibu na stesheni. Zamani nilikuwa na migomba kule mlimani, ila kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mke. Mwaisha wangu alipofariki kwa homa, wiki ileile daktari wa boma alipokwenda kupiga tembo, wakwe wakaja wakachukua shamba lao kwa adabu zote, nami nikabaki na buli. Wateja wangu wananiita Bwana Lawama. Haya. Yule daktari hawamwiti chochote.

Sasa Jumatatu asubuhi Rehani Sindano, fundi cherehani wa hapo barazani, alikuwa anashona kaptula ya askari huku anacheka peke yake. Kila akikanyaga cherehani, anacheka.

"Unacheka nini, Sindano?" akauliza Chandulal, amesimama mlangoni pa duka lake.

"Namkumbuka Bwana Shauri, mkubwa mzima wa boma, na lile povu la bia masharubuni."

"Si alikuwa anakunywa?"

"Anakunywa wapi! Alimwagikiwa!"

Hapo akatokea Benedikto, karani wa simu, kijana aliyesoma Tanga mpaka kola ikamkaza shingo. Tunamwita Waya. Habari za watu wote zinapita kwenye kidole chake, basi anaona zote ni zake, na kila moja ana maoni nayo.

"Waya, umesikia chui ameonekana Msamvu?" akaanza Sindano, kumchokoza tu.

"Nimesikia. Kwa maoni yangu, chui yule si wa hapa. Ni wa Kilosa. Amefuata reli."

"Amekata tiketi?"

"Sindano, mimi nazungumza elimu."

"Nami nauliza daraja. Amekaa la pili au la tatu?"

Waya akanywa kahawa, akakunja uso. "Kahawa hii, kwa maoni yangu, ina tangawizi nyingi mno. Tanga hawanywi hivi."

"Na mchezo wako wa Jumamosi," nikamwambia, "kwa maoni yangu, ulikuwa na kuchuchumaa kwingi mno. Tanga wanachuchumaa hivyo?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Waya akalegeza kola.

Ngoja nieleze kwa ambaye hakuwapo. Bwana Shauri alitoa dume la ng'ombe liwe zawadi ya kuvuta kamba, upande wa Mlimani kwa upande wa Mjini, watu kumi kwa kumi. Waya alipewa kazi ya kutangaza kanuni wiki moja kabla. Akapanda juu ya kasha, akapaza sauti: atakayeachia kamba ameshindwa, na atakayeanguka ameshindwa. Kisha, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, akawafundisha Mlimani kuvuta. Mbele akamweka Maneno, mchukuzi wa stesheni tunayemwita Gogo, mtu ambaye akikaa kwenye benchi langu wengine wanainuka bila kutaka. Akamwambia afumbe macho, maana nguvu za mtu huvujia machoni. Wale tisa wa nyuma akawaambia: msifikiri, akifanya Gogo na nyinyi fanyeni. Wakafanya mazoezi huko Mafiga mpaka Gogo akipiga chafya, kumi wanapiga chafya.

Gogo alilitaka lile dume kuliko mtu yeyote. Anamposa Chausiku, na mjomba wa Chausiku, Mzee Salehe, alishatamka: bila dume la karamu hakuna harusi. Kwetu mjomba akishasema, hata baba anakaa kimya. Wenzake tisa wakakubali kwamba wakishinda, dume liende harusini kwa Gogo, maana huko huko watalila.

Ila wakubwa hawawezi kuacha jambo likaenda sawa. Mtu mmoja wa Mjini alikula pilau ya sikukuu kabla ya mchezo, tumbo likamkamata, akakimbilia vichakani. Akida akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona mzee mnene amekuja kutazama tu, na kanzu yake nyeupe. "Wewe! Shika kamba!" Akida akisema shika, unashika. Huyo mzee ni nani? Mzee Salehe. Na kwa kuwa nyuma pamejaa, akawekwa mbele kabisa, uso kwa uso na Gogo. Na Gogo kafumba macho!

Kamba ikavutwa. Mlimani wakavuta, Mjini wakaja, wakaja, zimebaki hatua chache. Gogo akaona ashibe ushindi wake kwa macho. Akafumbua. Lo! Mbele yake mkwe, ulimi nje, kilemba kimeteremka puani.

Mkwe hatazamwi usoni hata njiani, seuze kuburutwa kwa kamba kama mbuzi. Gogo akaachia kamba, akachuchumaa, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mjomba!"

Na wale tisa, kama walivyofundishwa, wakaachia, wakachuchumaa: "Shikamoo, mjomba!"

Mjini wote kumi wakaruka kinyumenyume mpaka meza ya Bwana Shauri. Meza chini, pipa la bia chini, Bwana Shauri chini. Mzee Salehe, mtu asiyekosa swala hata moja, akalowa bia tangu kilemba mpaka makubazi.

"Lakini Mjini ndio walioshinda," akasema Sindano, akiacha cherehani. "Gogo aliachia kamba. Kanuni ni kanuni."

"Walioshinda wamelala chali?" nikasema. "Mlimani hawakuanguka. Walichuchumaa. Kuchuchumaa si kuanguka."

"Bwana Lawama, wewe ni wa mlimani, nyamaza. Chandulal, amua."

"Mimi?" Chandulal akainua mikono. "Mlimani wananunua chumvi kwangu, Mjini wananunua chumvi kwangu. Mimi nimeona bia ndiyo imeshindwa."

"Kwa maoni yangu," akaanza Waya.

"Wee!" tukamkatiza sote.

Waya akaendelea vilevile. "Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeshindwa na pande zote mbili zimeshinda. Ndiyo maana Bwana Shauri amelifungia dume bomani, akanituma nipige simu Dar es Salaam kuuliza mshindi ni nani."

Mara benchi likalia. Gogo alikuwa amekaa. Macho mekundu, sauti imefifia kama ya mgonjwa.

"Jibu limekuja, Waya?"

"Tulia kwanza, Gogo, unywe kahawa."

"Sitaki kahawa. Nataka dume. Chausiku ananipita kisimani kama hanijui. Anasema mjomba wake anafuatwa na mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wa Wadachi. Kanzu imefuliwa mara tatu, bado wanainusa."

Sindano akafa kwa kicheko juu ya kaptula ya askari, na kusema kweli aliishona mguu mmoja ukaziba. Gogo akamtazama bila kucheka. Mimi pia niliacha kucheka. Najua mtu anavyokuwa akiona nyumba inamponyoka mbele ya macho.

"Anakuja!" akanong'ona Chandulal.

Mzee Salehe huyo, fimbo mkononi, anatembea kwa upande kama kaa, na nyuma yake mbwa mmoja mweupe wa kizungu. Gogo akachuchumaa palepale, uso chini. "Shikamoo, mjomba."

"Usinishikamoo!" mzee akang'aka. "Shikamoo yako ya juzi bado inaniuma kiunoni."

"Karibu ukae, mzee wangu," nikasema.

"Kukaa? Ningeweza kukaa ningekuja hapa?" Akaegemea nguzo, nikampa kikombe. "Kijana huyu nimlaumu nini? Angenivuta, ningesema hana adabu. Ameniachia, ameniogesha pombe. Sasa niambieni, dume la nani?"

"La kwako, mzee, kama Mjini wameshinda," akasema Sindano. "Na kama Mlimani wameshinda, la Gogo."

"Likiwa la Gogo?"

"Analileta kwako, tunakula harusini."

"Likiwa la Mjini?"

Sindano akakuna kichwa. "Basi wenzako wa Mjini nao wanapenda harusi. Liko kwako tayari. Tunakula harusini."

Mzee akapuliza kahawa. "Yaani nimpe mke mtu aliyeniletea dume langu mwenyewe?"

"Mjomba," akasema Gogo bila kuinua uso, "jibu likija vyovyote, mimi nitalikokota dume mpaka mlangoni kwako. Hata kwa mgongo."

"Kwa mgongo utaweza," akakiri mzee. Midomo ikamcheza kidogo. "Haya. Dume likifika mlangoni kwangu, la huku au la kule, Chausiku ni wako."

Tukapiga makofi mpaka mbwa akabweka. Waya peke yake hakupiga. Kola ilikuwa imelowa jasho.

"Waya, una nini? Jibu limekuja, sivyo?"

"Limekuja alfajiri."

"Linasemaje?"

"Hawakujibu mshindi ni nani." Akalegeza kola tena. "Wanauliza, ni nani aliyewaamuru watu kumi wachuchumae kwa pamoja?"

Tangu ile vita ya Maji Maji, wakubwa wakisikia watu kumi wamefanya jambo moja kwa wakati mmoja hawapati usingizi, hata likiwa jambo la kupiga chafya.

"Ni wewe uliyewafundisha," akasema Chandulal polepole.

"Kwa maoni yako, Waya," akauliza Sindano, "ni viboko hamsa wa ishirini, au watakuongeza kwa kuwa umesoma?"

Waya akawa hana maoni. Mara ya kwanza tangu atoke Tanga.

"Inuka, kijana," Mzee Salehe akamwambia. "Nenda kawajibu ukweli. Waambie hakuna aliyeamuru. Mkwe alionekana."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kwani huko Dar es Salaam hawana wakwe?"

Waya akakimbia stesheni, akapiga simu: HAKUNA ALIYEAMURU. MKWE ALIONEKANA. Aliporudi alikuwa amepata maoni yake tena, akasema kahawa imepoa.

Ndipo upepo ukageuka kutoka upande wa boma.

Sindano ndiye aliyenusa kwanza. Kisha mbwa akanusa, akamwacha Mzee Salehe na kanzu yake, akaondoka mbio. Kisha sote.

"Nyama," akasema Chandulal, ambaye hajala nyama tangu azaliwe. Hata yeye aliijua.

"Ya ng'ombe," akasema Sindano.

Gogo akasimama. Akashika njia ya boma, na mzee akamfuata kwa upande, nasi nyuma. Njiani kila mtu wa Mlimani aliyemwona Gogo akaingia mstarini bila kuuliza, maana yale mafunzo hayajawatoka. Wa Mjini walipomwona mzee wao wakaingia pia. Tulipofika, pande zote mbili zilikuwa upande mmoja.

Askari wa zamu akatoka, midomo inang'aa. "Mnataka nini?"

Gogo akachuchumaa, kwa kuwa mkwe alikuwa pembeni yake. Wote wakachuchumaa, Mjini na Mlimani. Askari akarudi nyuma hatua mbili, akashika bunduki kwa mikono yenye mafuta, ikamteleza.

"Tunalitaka dume," akasema Mzee Salehe, yeye peke yake aliyesimama, kwa sababu ya kiuno.

"Lilikuwa linakonda," akasema askari. "Bwana Shauri akaona litaharibika kabla ya jibu."

"Yuko wapi Bwana Shauri?"

"Amelala. Ameshiba."

Mimi nilitaka kusema maneno, ninayo mengi, nimeyaweka tangu Mwaisha. Mzee akaninyooshea fimbo ninyamaze. Alitazama kwato pale uani, akamtazama Gogo aliyeinama mpaka paji la uso likagusa vumbi.

"Maneno."

"Naam, mjomba."

"Dume umelifuata mpaka hapa?"

"Nimelifuata, mjomba."

"Kutoka hapa mpaka mlangoni kwangu, waliolila ndio waliolipoteza, si wewe. Nahesabu umelileta. Harusi tutafanya kwa maharage."

Gogo akainuka na furaha yake, akasahau, akamtazama mkwe usoni. Akachuchumaa tena haraka. Na wengine wote.

Harusi ilifanyika. Maharage yalikuwa mazuri, Chandulal alileta chumvi bure. Waya alisema yalihitaji nazi kidogo. Dar es Salaam bado hawajaamua aliyeshinda, na watu wanaendelea kubishana barazani kwangu, Mlimani, Mjini, kuachia, kuanguka. Mimi huwa nawamiminia kahawa, nangoja wamalize kelele, halafu nawauliza swali langu lilelile, nao wananitazama, kisha wanatazama boma: yule aliyelila dume, alivuta kamba ya upande gani?