Mashine Inayopima Ng'ombe kwa Macho

Jumatatu, 7 Julai 2025

Shajara yangu, asalaam aleikum. Hujambo? Umelalaje humo kabatini? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia.

Wageni wameleta mashine mnadani. Simu juu ya vyuma vitatu, basi. Ng'ombe anapita mbele yake, inamtazama, inataja umri, uzito na bei inayofaa. Haimgusi! Mimi Jumbe, dalali wa Bariadi tangu ndevu hazijaota, hushika nundu, hufungua kinywa, huapa kidogo. Kitu kinachojua bila kushika kinajuaje? Sikiamini.

Baya zaidi: mzee Masele wa Kasoli amepiga simu. Alhamisi analeta mnadani dume lake jekundu, na anataka lipite kwenye mashine kwanza. Kasoli nzima humfuata Masele. Akiniacha yeye, wameniacha wote.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kuichunguza. Nikasimama mbele yake, nikasoma Ayatul Kursiyu kimyakimya. Kama ni jini, litoke. Halikutoka. Ikanena, kwa sauti ya kike yenye adabu zote: "Dume. Umri mkubwa. Hali ya mwili hafifu. Anenepeshwe kabla ya kuuzwa."

Violeth, binti anayeitunza, akaniomba radhi, eti haijafundishwa watu. Hamimu, dalali mwenzangu, alikuwa nyuma yangu! Kufika adhuhuri mnada mzima unaniuliza kama mke wangu Zamda ameanza kunipa mashudu.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata dawa yake. Mashine ina macho tu, na macho hudanganyika. Ng'ombe akilamba chumvi atakunywa maji mpaka tumbo liwe ngoma. Mashine itadhani ni nyama, itataja uzito wa ajabu. Hapo nitaomba, kwa upole, dume lipandishwe kwenye mizani ya chuma, isome pungufu. Aibu! Masele atarudi kwangu mwenyewe.

Masele amefika alasiri na salamu yake ya Kisukuma, "mwadila", dume nyuma. Desturi yetu: mwenye ng'ombe hulala kwa dalali wake, ng'ombe uani. Zamda kachinjiwa kuku, kapika. Katikati ya ugali Masele akaniambia polepole, "Jumbe, wewe ni ndugu yangu. Ila mashine haina shemeji wa kumpendelea." Nusura nimeze mfupa.

Zamda anauliza chumvi yote inakwenda wapi. Nimemwambia sadaka. Chumvi si haramu. Maji si haramu. Nimetazama pande zote, dhambi siioni.

Alhamisi, 10 Julai

Baada ya swala ya alfajiri nimelilambisha dume chumvi, nikalinywesha. Lilikunywa hadi nikalihurumia. Masele anakoroma tu.

Mnadani mashine ikataja uzito ambao hata kiboko asingeukataa. Nikakohoa. Nikaomba mizani. Tajiri mmoja wa Maswa akanikatiza: foleni ya mizani imemchosha, na mashine haina njaa kama madalali. Akalipa bei ya mashine palepale!

Masele akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Jumbe, kumbe miaka yote ulikuwa unaniuzia ng'ombe wangu kwa bei ya mifupa."

Nikitaja chumvi, ataniuliza ni nani aliyelilambisha dume.

Dume likakojoa likipandishwa lori. Likakojoa, likakojoa. Aliyelitazama ni mimi peke yangu. Masele yeye alikuwa kwa Violeth, anaandikisha ng'ombe wake wote waliobaki, na majirani zake wawili wamepanga mstari nyuma yake. Hamimu kaniuliza kama na mimi nimeandikishwa.

Ijumaa, 11 Julai

Khatibu leo kazungumzia wanaopunja watu kwenye vipimo. Maneno mazito. Nikamtazama sana Hamimu.

Lakini nimegundua jambo! Mashine ina namba ya simu. Unaitumia ujumbe, inajibu yenyewe. Ukitaka kumjua adui, muulize mwenyewe. Nimeiandikia hivi:

"Mashine, salaam. Natumaini hujambo na chaji ipo. Mimi ni Jumbe, yule uliyesema ninenepeshwe, nimekusamehe. Jana dume la Masele lilijaa chumvi yangu na maji, wewe ukaona nyama. Hilo libaki kwetu wawili, Violeth asijue. Sasa nieleze: ng'ombe akifungwa blanketi tumboni, utamwona mnene au mwembamba? Naomba unijibu mapema, kabla ya mnada ujao."