Jino Lililokwama na Kipanga 860 Ultra

Bwana Toleo hajawahi kununua kitu cha jana. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyarudia sana, mpaka majirani wakaona jina alilopewa na wazazi wake limepitwa na wakati, wakampa hili.

Simu yake ilikuwa toleo jipya. Viatu vyake, toleo jipya. Hata mswaki wake aliusifia kwa wageni kwa sababu pakiti yake iliandikwa "kizazi cha nne". Vizazi vitatu vilivyotangulia vilisugua meno kwa kitu gani, hakujiuliza.

"Mama watoto," alisema Jumanne moja jioni, akichungulia sahani, "haya maharage si ya jana?"

"Ni ya jana."

"Dunia inakimbia, sisi tunakula toleo la jana?"

"Ikikimbia sana itashikwa na njaa, itarudi hapahapa," mkewe akamjibu. "Kula."

Kazi ya Bwana Toleo ilikuwa kuuza rangi za nyumba. Ukimwomba nyeupe alikuuliza nyeupe ipi, kisha akakutajia bila kupumua: Nyeupe ya Maziwa, Nyeupe ya Pamba, Nyeupe ya Wingu, na ile ya wenye uwezo wao, Lulu ya Asubuhi. Hiyo ya mwisho aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mkwewe.

Mkewe alikuwa mchora katuni. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma, meza ikiwa imebanwa kati ya kabati la nguo na meza ya kupigia pasi. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya daktari wa meno mmoja aliyetaka katuni ya kuwaonyesha watoto kwenye zahanati yake: jino linaamka, linapiga mswaki, kisha linacheza ngoma. Ilitakiwa Ijumaa. Daktari alikuwa na wenzake waliosubiri kuona, na wakiipenda, mama yule angepata kazi ya mwaka mzima.

Ila jino lilikataa kucheza. Kuamka liliamka, mswaki lilipiga vizuri. Likinyanyua mguu wa kushoto tu, kompyuta inaganda. Jino linabaki na mguu mmoja hewani, mdomo wazi, kama mtu aliyefika kazini akakumbuka kaacha pasi inawaka.

"Ni kadi ya picha," mkewe akasema. "Hii Kipanga 560 imezidiwa."

Kadi ya picha ni kile kipande kilicho ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Bwana Toleo alikijua kwa jina, na kwake yeye kukijua kitu kwa jina kulitosha.

"Wewe chora," akasema. "Mambo ya namba niachie mimi."

"Basi muulize muuza kompyuta ipi inafaa kwa katuni. Muulize, baba watoto. Usimfundishe."

"Mimi nimfundishe mtu?"

Mkewe akarudi kwa jino lake.

Jumatano asubuhi Bwana Toleo akaing'oa ile kadi ya zamani, akaifunga kwenye taulo, akavuka barabara. Duka la kompyuta lilitazamana na duka lake la rangi, na mwenyewe alikuwa mtu mtaratibu aliyevaa miwani juu ya kipaji cha uso. Bwana Toleo aliingia akiusifu ukuta kabla hata hajasalimia.

"Unaona Lulu ya Asubuhi inavyolipa duka lako hadhi? Nilikwambia."

"Karibu, jirani. Nikusaidie nini?"

"Kadi ya picha. Hii naiacha hapa, unipunguzie bei. Mke wangu anachora katuni."

Muuza kompyuta akainama, akatoa boksi la kijivu kwenye rafu ya chini, akalipuliza vumbi. "Kwa katuni, chukua hii. Kipanga 590."

Bwana Toleo akacheka kwa huruma. "Jirani, nimekuja na mia tano na kitu, unirudishe nyumbani na mia tano na kitu? Ile pale je?"

Ile pale ilikuwa juu kabisa. Boksi lake lilikuwa jeusi, limechorwa ndege wa dhahabu anayetoa radi machoni. Kipanga 860 Ultra.

"Ile ni toleo la mwaka huu," muuza kompyuta akasema. "Lakini ngoja nikueleze hawa watu wanavyozipa majina, maana..."

"Mimi nielezwe majina? Kazi yangu ni majina."

Katika yote aliyosema asubuhi ile, hilo ndilo lililokuwa la kweli. Akatoa pesa, akaongeza na akiba ya godoro jipya, akatoka na ndege wake kwapani. Alipita njia ndefu ili kinyozi na fundi viatu walione boksi.

Jioni mkewe aliifunga kadi mahali pake huku yeye akimsomea maandishi ya boksi kwa sauti. Nguvu isiyo na kifani. Kasi ya kizazi kijacho. Mkewe akawasha.

Jino likaamka. Likapiga mswaki. Bwana Toleo akakunja mikono kifuani. Jino likanyanyua mguu wa kushoto, likaganda.

Mguu uleule, na mdomo wazi vilevile.

"Linashangaa," Bwana Toleo akasema. "Halijazoea nguvu kubwa namna hii. Rudia."

Mkewe akarudia. Feni ya kadi ikaanza kulia mpaka glasi iliyokuwa mezani ikatetemeka.

"Unasikia? Hiyo ndiyo Ultra."

Jino likaganda. Akarudia tena. Safari hii kadi ilipata joto hasa, gundi ikalegea, na stika ya dhahabu yenye jina la 860 Ultra, iliyobandikwa ubavuni, ikajivua yenyewe taratibu na kuangukia mezani. Mkewe akazima kompyuta, akainamisha taa. Mahali ilipobanduka stika palikuwa pamechapwa, tangu kiwandani, kwa herufi ndogo zisizo na makuu: Kipanga 560.

Ilikuwa kadi ileile, imerudi nyumbani na nguo mpya.

"Ganda la muwa la jana," mkewe akasema polepole, "chungu kaona kivuno."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Badala yake alikaa, akajifuta macho kwa kiganja. "Ijumaa, baba watoto. Nimemwahidi yule daktari. Na nikishindwa hii, hao wengine hawatapiga hata simu."

Bwana Toleo aliona aibu, aibu ya kweli ya mtu aliyemharibia mkewe kazi kwa mdomo wake. Lakini aibu ya mwanamume wa aina yake hailali aibu. Ilipofika asubuhi ilikuwa imeshageuka hasira, tena ya kumkasirikia mtu mwingine.

Akaingia kwa muuza kompyuta kadi mkononi. Dukani mlikuwa na wateja wawili, jambo lililomfurahisha, maana hotuba aliyoiandaa ilihitaji watu.

"Jamani, mshuhudie," akaanza. "Kuchukua kitu cha zamani, ukakibandika jina jipya, ukakipandisha bei! Huo si wizi wa mchana?"

Muuza kompyuta akashusha miwani machoni, akaitazama kadi. "Aliyebandika si mimi, ni kiwanda. Namba ya kwanza ni ya mwaka, jirani, ni mapambo. Ya pili ndiyo nguvu. Sita ya mwaka huu ni sita ileile ya zamani. Tisa ni tisa, hata ikiwa na vumbi. Nilitaka kukueleza jana, ukanikatiza."

"Hata kama! Mtu mwenye haya zake anawezaje kuuza kitu kimoja kwa majina mawili?"

Muuza kompyuta aliweka kikombe chake chini. Akaenda taratibu mpaka kwenye kona ya duka, akagusa ukuta.

"Nilipopaka duka hili, Lulu yako iliniishia katikati ya ukuta huu. Nikaja kwenu kuongeza. Siku hiyo hukuwepo, msaidizi wako dukani akaniuzia nyeupe tu, isiyo na jina, kwa nusu ya bei. Njoo unionyeshe Lulu inaishia wapi."

Bwana Toleo akasogea. Akainama, akakaza macho, akapitisha kidole ukutani. Wale wateja nao wakaja wakainama. Mmoja alijaribu hadi kunusa.

Hakuonekana mpaka wowote, na Bwana Toleo hakuwa na haja ya kuutafuta. Mwaka ambao nyeupe ilidoda dukani, yeye ndiye aliyekata karatasi, akachanganya gundi, akabandika Maziwa, Pamba, Wingu na Lulu juu ya ndoo zilezile. Kwa mkono wake, na kwa fahari kubwa.

"Mkuki kwa nguruwe, jirani," muuza kompyuta akasema kwa upole.

Wateja wakapata shughuli ya ghafla ya kuangalia nyaya.

Bwana Toleo akaondoa kidole ukutani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, haina kizazi wala toleo. "Mke wangu ana kazi ya kesho. Kosa ni langu, si lake. Nisaidie."

Muuza kompyuta akainama tena kwenye rafu ya chini, akatoa lile boksi la kijivu. "Hii 590 chukua, ile uiache. Ila imeshabanduka stika, haitauzika tena kwa bei ile; tofauti utanilipa kwa kazi. Chumba changu cha nyuma kinahitaji rangi. Nyeupe."

"Nyeupe ip..." Mdomo ulishamtangulia mwenyewe.

Muuza kompyuta alimtazama juu ya miwani.

"Nyeupe," Bwana Toleo akasema.

Ijumaa mchana alikuwa juu ya ngazi katika chumba kile, rangi imemjaa mpaka kwenye nyusi, akichungulia mlango kila dakika, maana hakuwa amepata habari yoyote kutoka zahanati. Mkewe akaingia amebeba bakuli la chakula lenye mfuniko.

"Limecheza?" mumewe akauliza kabla hajashuka.

"Limecheza mpaka daktari mwenyewe akanyanyua mguu. Watoto wamelirudisha mara nne. Na wenzake wawili wameomba lao."

Bwana Toleo alishuka ngazi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akapokea bakuli. Juu ya mfuniko kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imechorwa ndege wa manjano anayetoa radi machoni, na chini yake maandishi makubwa: Maharage 860 Ultra.

Akafunua. Akanusa.

"Mama watoto, haya si ya jana?"

"Ya jana yalikuwa 560."

Bwana Toleo akautazama ukuta, akalitazama bakuli, akaomba kijiko.