Kibofu cha Mbuzi Mbele ya Bodi

Jumatatu, 12 Mei

Uniwie radhi, shajara. Tangu Januari sijakuandikia neno. Sikuwa na hasira ya kutosha. Leo ninayo.

Mkuu wa shule ametuita ofisini, mimi na mume wa binti yangu. Ndiyo, mkwe wangu mwenyewe, anayefundisha biolojia chumba cha pili kutoka changu. Nilimpa binti. Hakushiba. Sasa anataka na maabara.

Ijumaa bodi ya shule itatusikiliza sote wawili, kisha itamteua mkuu wa idara ya sayansi. Atakayeteuliwa atashika ufunguo wa maabara. Ufunguo huo umo shingoni mwangu tangu mkwe wangu ananyonya! Nikishindwa, nitapelekwa maktaba kubandika nambari migongoni mwa vitabu. Afadhali nizikwe.

Mada: jinsi seli nyeupe ya damu inavyommeza kijidudu, kumfungia ndani ya kifuko na kummeng'enya kwa tindikali na vimeng'enya. Mwenyekiti wa bodi ameongeza swali lake: kwa nini seli haijimeng'enyi yenyewe? Jibu ni utando wa kifuko. Mwembamba mno, lakini sumu yote huizuia ndani. Naweza kulifundisha hilo nikiwa usingizini.

Mkwe akanipisha mlangoni. Shikamoo, mama. Unyenyekevu wa kuudhi! Marahaba, nikasema, nimeuma meno.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata mbinu. Yeye atakuja na projekta na picha zinazorukaruka. Mimi nitaleta kitu halisi: kifuko kinachomeng'enya mbele ya macho ya bodi! Utando ni kibofu cha mbuzi. Sumu ni utomvu wa papai bichi, ambao huigeuza nyama ngumu kuwa uji, pamoja na maji ya ndimu. Kijidudu ni kipande cha nyama.

Buchani mchinjaji akauliza, kwa sauti ya mnadani, kibofu ni cha nini. Nikamjibu ni cha elimu. Foleni nzima ikacheka. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaninong'oneza nimwone daktari, mambo ya kibofu siku hizi yanatibika, shoga, usione haya. Shoga! Mimi! Hata simjui.

Nikaenda kuchanja mapapai ya jirani. Jirani akatokea. Mwalimu, mapapai yangu yamekukosea nini? Nikamwambia ni sayansi. Akasema sayansi ina mwenyewe na mpapai una mwenyewe.

Ncha za vidole zinawasha na kuchunika ngozi. Sabuni za siku hizi hazifai kabisa.

Jumatano, 14 Mei

Kikulacho ki nguoni mwako!

Binti amekuja kunisalimu, akakiona kibofu kwenye kamba ya nguo, kati ya foronya na soksi. Akacheka hadi akaketi chini. Nikamweleza mbinu yangu, kwa kuwa ni damu yangu. Kosa! Hata jua halijatua akarudi na ujumbe wa mumewe. Mwambie mama, kwa heshima na taadhima, utando ule upande wa ndani umevikwa sukari, tabaka nene la sukari, ndilo linaloukinga usiliwe na vimeng'enya vyake wenyewe. Kibofu cha mama ni nyama tupu.

Nikamwagiza binti amjibu hivi: sukari aitie kwenye chai yake. Binti akasema, lakini mama, si ni kweli? Nikamwuliza amezaliwa na nani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkwe wangu atavunjika yote mawili.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekijaribu kibofu kwa maji ya bomba. Kimening'inia kwenye stendi ya chuma tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Hakikuvuja hata tone! Sukari, ati. Kisha nimekikwangua kwa kisu ili kiwe chembamba zaidi, bodi ipate kuona ndani.

Tena nimechukua hatua nyingine. Waya wa projekta umelala ndani ya debe langu la unga. Mkwe amezunguka shule nzima akiutafuta. Akanijia: mama, hujauona waya wangu? Nikamwuliza, kwani ulikuwa umeuweka wapi? Hilo ni swali, si uongo. Akanishukuru! Kijana huyu hana hata adabu ya kukasirika.

Ijumaa, 16 Mei

Aibu. Hasira. Harufu.

Alianza yeye. Bila projekta! Akawapanga wanafunzi duara, wameshikana mikono: huo ndio utando. Mmoja katikati, kijidudu. Wengine ndani wakimrushia vifutio vya ubao: vimeng'enya. Wale wa duara walivaa makoti ya mvua, vumbi la chaki likawapiga wasidhurike. Akasema makoti ndiyo sukari. Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akaomba naye arushe kifutio. Mzee mzima!

Zamu yangu. Kibofu nilikuwa nimekijaza utomvu asubuhi na mapema, nikakiweka juani ili kazi iende haraka. Nikakitundika mbele ya mwenyekiti, nikamulika taa. Nyama ndani ilikuwa imekwisha kulainika. Ushindi! Nikaeleza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: utando huu ndio mlinzi, waheshimiwa, ukipasuka, seli imekwisha.

Ukapasuka.

Utomvu wote mapajani mwa mwenyekiti. Suruali ya kijivu. Mjumbe mmoja akapanda kiti. Mwenyekiti akauliza, kwa upole wa kutisha, hiki ni nini kinachoniwasha?

Mkwe akaruka na ndoo ya maji na koti la mvua. Kisha, shajara, akanitenda unyama ambao sitamsamehe. Aliniokoa! Akawageukia wajumbe akasema ndivyo tulivyopanga, yeye na mama: kwanza utando wenye sukari, kisha utando usio na sukari, ili bodi ione tofauti kwa macho. Wakashangilia. Mkuu wa shule akanipa mkono. Nikasimama pale, utomvu ukinidondoka kiwikoni, nikipongezwa kwa wazo la mkwe wangu!

Mwenyekiti amekwenda kubadili suruali. Uamuzi umeahirishwa hadi Ijumaa ijayo. Wanataka kutusikiliza tena.

Jumamosi, 17 Mei

Vidole vimevimba. Binti amekuja kunipaka dawa. Akataka kunikandia chapati, akafungua debe la unga. Akautoa waya, akaukung'uta, akautia mkobani. Baadaye akaleta salamu za mumewe: anamshukuru mama kwa kumhifadhia waya mbali na panya. Na kama mama ataridhia, Ijumaa wafundishe pamoja, ufunguo abaki nao mama.

Abaki nao mama! Kama sadaka! Nimemjibu sihurumiwi na mtu niliyemlisha siku ya posa.

Nimekwisha kulipata kosa. Kibofu kilikuwa kidogo. Mchinjaji alinipunja. Nimemwagiza kibofu cha ng'ombe, na jirani amekwenda safari, mapapai yako peke yake. Utomvu nitatia maradufu.

Mwenyekiti nitamweka kiti cha mbele kabisa, aone vizuri. Bodi ikishakata shauri, nitakuandikia.