Friji Iliyotoboa Anga

Haya ni kweli tupu, na asiyesadiki aende Mbagala akamuulize Mwanabaraka mwenyewe, mwenye gesti ya vyumba sita.

Mwaka tisini na nne redio ilitangaza kwamba serikali itazisaidia gesti ndogo zinazotunza mazingira. Wenye gesti wakasubiri msaada. Audax, tapeli wa mjini, hakuwa na subira hiyo: alivaa suti ya kaunda, akaazima baiskeli ya baba mkwe wake, akaenda kwa Mwanabaraka kukagua, akijifanya afisa wa serikali.

Mwanabaraka alimpokea kwa juisi ya ukwaju. Audax akanusa choo, akatikisa kichwa, akaupapasa mpera kama daktari. Mbele ya friji kubwa nyeupe akashika moyo.

"Mama, hii ndiyo inayotoboa anga!"

"Hii? Jamani! Mie napozea wazungu soda."

"Gesi yake, mama. Anga ikitoboka, mvua hakuna. Serikali inazikusanya hizi, wiki ijayo inaleta mpya zisizotoboa."

Kumbe Revelian, fundi friji wa Tandika, alishamwahidi Audax bei nono kwa friji yoyote nzima.

"Basi ngoja niiwashe uione inavyopiga kazi," akasema Mwanabaraka.

Audax akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Usithubutu! Mbele ya afisa? Nitakufungia gesti!"

"Astaghfirullah! Haya, chukua, baba. Ila sie watu wa pwani kitu hakitoki bila rahani. Niachie baiskeli."

Audax alimfikiria mkwe, akaifikiria bei. Bei ikashinda. Akakodi mkokoteni.

Tandika, Revelian aliinama nyuma ya friji, akacheka mpaka akakaa chini. "Braza, mota iko wapi? Umeniletea kabati, tena lina wapangaji!" Mende wakatoka na familia zao.

Audax akarudi Mbagala kwa miguu, jasho likimchuruzika. "Mama, friji yako mbovu!"

"Si nilitaka kuiwasha, ukanikataza? Mota ilikufa zamani, umeme wa mgawo uliporudi na hasira zake, nikaing'oa nikauza chuma chakavu. Nilikosa tu mtu wa kunitolea friji yenyewe."

"Nipe baiskeli yangu!"

"Lete kwanza friji mpya, bwana afisa."

Ijumaa baba mkwe akatuma mtu kuulizia baiskeli. Mkwe hadanganywi mara mbili. Audax akauza suti, redio na kitanda, akanunua friji. Mwanabaraka aliichomeka, akaisikiliza ikinguruma, ndipo akatoa baiskeli.

"Ahsanteni serikali," akasema. "Na jenereta mnaniletea lini?"