Kama Alivyosema Tadeo

Jumapili, 10 Juni 1956. Nambambo.

Jarida limefika! Jarida la uchumi, la wasomi, kutoka Kampala. Jalada la kijani, karatasi laini kama shavu la mtoto. Katikati humo, jina la mwanangu Tadeo kwa herufi za mashine. Kaandika habari za ufuta wa huku kwetu. Kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne la misheni, Kiingereza hatukukifikia, lakini jina lake nalisoma bila taabu. Nimelisoma tangu asubuhi.

Nimeingia nalo misani badala ya kitabu cha sala, jalada likitazama watu. Jirani yangu Aurelia, Mama Kornel, kakaa nyuma yangu makusudi. Mwanawe Kornel anachochea moto kwenye injini ya treni ya Mtwara. Basi treni ikipiga honi, kijiji kizima kinasema, Kornel huyo. Leo imelia katikati ya mahubiri. Aurelia kainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama vile ni yeye aliyepigiwa.

Baada ya misa nimemwonyesha Mwalimu Ildefonsi. Huyu ndiye ninayemtaka awe baba mkwe wa mwanangu. Ana binti, Lusia, kasoma, akikutazama unajikuta unaweka kanga sawa. Sisi tumempelekea Mwalimu posa ya Tadeo. Aurelia naye kapeleka ya Kornel, bila haya. Mwalimu kasema atatujibu ufuta wake ukishakung'utwa wote.

Kalisoma jarida palepale, miwani puani. Kasema kazi nzuri. Kisha kaongeza neno la kunikosesha hamu ya chakula: eti kwa wasomi andiko kuchapwa si kitu. Andiko linapimwa kwa kutajwa. Wengine wakiandika, je, watasema "kama alivyosema fulani"? Asipotajwa na mtu, kapiga ngoma porini. Nimeuliza la mwanangu limeshatajwa na nani. Kacheka, kasema ndiyo kwanza limetoka, mama, nani alitaje?

Nani? Si nipo mimi mamaye?

Jumatano, 13 Juni

Nimemwendea Padri kumwomba amtaje Tadeo Jumapili. Kakataa. Kasema matangazo ya kanisani ni ya ndoa, ya marehemu, na ya vitu vilivyookotwa.

Vitu vilivyookotwa!

Baba Tadeo kaniona natabasamu peke yangu jikoni. Kasema chochote unachofikiria, mama, acha. Mwanamume huyu siku zote anakata tamaa mapema.

Jumapili, 17 Juni

Nililiacha jarida chini ya benchi jana wakati wa kufagia kanisa. Mpango mzuri, uliotekelezwa vibaya na wengine. Katekista katangaza rozari moja, kiatu kimoja cha mtoto, na "kitabu cha kijani kilichokuwa kinazuia mlango usibamize." Hakutaja jina! Nimekohoa. Nimekohoa tena. Aurelia kanyoosha mkono, kawaambia watu wote ni cha Mama Tadeo, maskini siku hizi anasahausahau.

Jalada lina alama ya mlango. Nimelipiga pasi.

Jumanne, 19 Juni

Nimepata akili. Nani anasikilizwa na watu kuliko Padri? Mtani!

Mzee Mikidadi, Myao, fundi cherehani pale sokoni, ni mtani wetu sisi Wamwera. Mtani akisimama msibani kila mtu anatega sikio, na alisemalo linalala katika nyumba zote usiku huohuo. Keshokutwa ni arobaini ya marehemu Mzee Abdala kule Naipingo, na Mikidadi ndiye atakayechangamsha watu. Nimemwomba amtaje Tadeo na andiko lake.

Kaniuliza limesema nini. Nimemweleza kama Mwalimu alivyonifasiria: kwamba msimu ukifunguliwa, mkulima wa Nachingwea hakimbilii kuuza ufuta, anauweka ndani akingojea bei ipande. Mikidadi kanitazama, pini mdomoni. Kauliza ndiyo hayo tu? Nimesema ndiyo hayo, na majedwali. Kasema niachie mimi, dada yangu.

Kakubali upesi sana. Mtu mwema.

Alhamisi, 21 Juni. Nimerudi Naipingo.

Ushindi! Sikuona, maana walinipa mwiko wa sufuria kubwa nyuma ya nyumba, na ugali wa watu wote wale huwezi kuuacha. Lakini nimesikia. Jina la Tadeo limepanda juu, na watu wakapokea kwa kelele. Tena likapanda. Wengine walikuwa wanapiga magoti yao kwa viganja. Nimewauliza wanawake tuliokuwa nao jikoni kama wamesikia. Wamesikia, wakazidisha kuangalia sufuria.

Aurelia kaja jikoni anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kasema mwanao leo kawaliza watu, Mama Tadeo. Aurelia huyohuyo! Nimemkatia ukoko mkubwa.

Jumatatu, 25 Juni

Ananukuliwa kila mahali! Sikutia chumvi, naandika nilivyosikia.

Kisimani: ndoo ya mtu imetoboka, mwenzake kasema, "Ndoo ikitoboka maji yanamwagika, kama alivyosema Tadeo." Sokoni: muuza samaki kasema samaki mbichi si mkavu, kama alivyosema Tadeo. Hata watoto wa shule: usiku kuna giza, kama alivyosema Tadeo. Maneno yaleyale ya Mwalimu, neno kwa neno! Yule mwenye ndoo nimemsahihisha kwa upole, nikamwambia Tadeo kaandika ufuta, habari za ndoo bado. Lakini nikamshukuru.

Baba Tadeo kaniambia nikae nyumbani siku mbili tatu mpaka upepo upite. Wivu wa baba.

Nimewaza: kutajwa nyumbani kila mtu anaweza. Mtu anatajwa ugenini. Nakwenda Ruangwa.

Alhamisi, 28 Juni. Ruangwa.

Naandika kwa shemeji yangu. Sina raha.

Nilipanda lori la mfanyabiashara wa magunia. Mbele kidogo lori likazama kwenye mchanga. Utingo kashuka, katazama tairi, kasema, "Gari likizama haliendi, kama alivyosema Tadeo." Lori zima likacheka. Nami nikasimama juu ya gunia, nikawaambia Tadeo huyo ndiye wangu, nimemzaa mimi.

Mtu mmoja kajifanya anatafuta kiatu.

Mama mmoja wa Narung'ombe, anaitwa Sabaha, kanivuta kanga nikae. Kaniuliza taratibu kama najua maana ya msemo huo. Kasema kwao anaambiwa hivyo mtu anayeeleza jambo ambalo hata mbuzi analijua. Kisha kanisimulia arobaini ya Naipingo, maana binamu yake alikuwepo. Kumbe Mikidadi alivaa miwani ya waya. Alishika kitita cha ufuta. Akawa anawauliza wanawake mmoja mmoja, mama, ufuta wako uko wapi? Uko ndani. Kwa nini uko ndani? Kwa sababu sijautoa nje. Naye anaandika hewani, anasema asante sana, sasa naupeleka Kampala ukachapwe.

Nilitaka umaarufu wa mwanangu ufike Ruangwa. Umenitangulia.

Ijumaa, 29 Juni

Nimeshuka kwenye lori moja kwa moja hadi kwenye cherehani ya Mikidadi. Nimemwambia yote. Nilikuwa nimeshika fimbo yake ya kupimia nguo, sikumbuki nilivyoishika. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kwa sauti, sokoni wote wasikie, je, dada yangu kakasirika?

Hapo ndipo nilipokumbuka. Anayemkasirikia mtani analipa. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko misheni. Watani wamekuja nyumbani na nyimbo, wamemchukua kuku wangu mwekundu, yule anayetaga. Aurelia kawasaidia kumkamata. Anajua anakolala.

Kuku si kitu. Mwalimu Ildefonsi alikuwa anapita sokoni. Kaniona na fimbo. Kasimama kidogo, kavua kofia kunisalimu, kapita. Na ufuta wake umebaki kiasi cha kukung'uta kesho tu. Kama Lusia akienda kwa Aurelia, nitasikia honi ile mpaka kaburini.

Tadeo anafika kesho kwa likizo. Na mimi ndiye niliyemfanya kichekesho cha wilaya.

Jumamosi, 30 Juni

Nimekwenda stesheni mapema, nimpokee kabla maneno hayajampokea. Sikuwahi. Mpagazi kamwona tu mlangoni pa behewa, hamjui wala nini, kasema, "Treni ikifika imefika, kama alivyosema Tadeo."

Tadeo kauliza Tadeo gani. Wakamweleza. Wakamweleza na miwani ya waya. Nimefumba macho.

Kacheka! Kacheka mpaka kaweka sanduku chini na kulikalia. Kornel kashuka kwenye injini, mweusi kwa masizi, wakakumbatiana, shati jeupe la Kampala likaisha. Hawa wawili wamebatizwa siku moja na wanapendana tangu hapo. Mimi na Aurelia tukaangalia kila mtu upande wake.

Jioni nimemwambia Tadeo ukweli, kwamba Mikidadi ndiye mwenye makosa yote.

Jumapili, 1 Julai

Mwalimu katuita kwake. Nilijua tunaitwa kukataliwa kwa heshima. Nimevaa kanga mpya, mtu akataliwe akiwa nadhifu.

Tumekaa uani, wanaume kwenye viti, mimi mkekani karibu na Lusia. Mara Mikidadi huyo! Hakualikwa, mtani haalikwi. Na miwani yake ya waya. Kaanza palepale, mbele ya Mwalimu: mama, ufuta wako uko wapi? Nikauma kanga. Sina kuku mwingine.

Tadeo kanyanyuka. Nilidhani anamtoa. Kumbe kachukua upawa, kajifunga kanga yangu kiunoni, kawa yeye ndiye mwanamke mwenye ufuta. Akamjibu Mikidadi maswali yote kwa sauti ya bibi, mpaka Mikidadi mwenyewe akakosa la kuuliza. Mwalimu kavua miwani ya kweli akaifuta. Mwanangu, msomi, kajifunga kanga mbele ya baba mkwe! Baba Tadeo naye anacheka.

Ndipo Lusia akasema. Hakupandisha sauti.

"Hukuuliza wanawake, kaka Tadeo. Ungeuliza, usingeandika habari za bei. Ufuta ukishauzwa, hela ni ya baba. Ukiwa ndani, ni wa mama."

Mwalimu kakohoa. Baba Tadeo katazama mapaa. Mimi nilitaka kumfinya yule binti. Kila mwanamke wa Nachingwea analijua hilo, ndiyo maana wangu uko uvunguni, lakini kuna la kujua na kuna la kusema mbele ya wanaume!

Tadeo kabaki na upawa mkononi. Kamwuliza Lusia wanawake wangapi wanafanya hivyo. Lusia kasema nitajie asiyefanya. Tadeo kaweka upawa chini. Kisha kasema, "Basi nimekosea."

Hivihivi! Siku ya posa!

Mwalimu kamwuliza kama anaweza kuandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe, katika jarida lilelile, wasomi wote wasome. Tadeo kasema ataandika, na ataandika na jina la aliyemsahihisha. Lusia kaangalia chini, na safari hii ni yeye aliyeweka kanga sawa.

Nimerudi nyumbani nalia. Mwana wangu mmoja, andiko moja, na sasa anakwenda kulivunja mwenyewe.

Jumanne, 3 Julai

Mwalimu katuma jibu. Amekubali! Kasema kijana anayeweza kusema nimekosea mbele ya baba mkwe amekua. Kasema pia kwamba Lusia alishamjibu tangu juzi, jikoni, kabla hajaulizwa.

Wao wanasema mambo ya kukosea. Mimi najua. Kama si kutajwa, Mikidadi asingekuja uani. Asingekuja, Tadeo asingejifunga kanga. Na nani alimtuma Mikidadi? Sitaki shukrani. Kuku ningependa arudi.

Leo asubuhi nimemwuliza Tadeo, mtu akiandika kwamba kakosea, anaandikaje? Kasema anaanza kwa kulitaja lile andiko la kwanza, kisha anaonyesha lilipokosea.

Nimeweka ungo chini. Nimemwuliza, kwa hiyo litatajwa? Katika jarida lenyewe, na wasomi?

Kasema litatajwa, mama.

Na ukiandika la tatu, la kulipinga la pili?

Kaanza kusema elimu haiendi namna hiyo. Sikumsikiliza, nilikuwa nimeshavaa kanga. Nimepita kwanza kwa Aurelia kumwarifu kwamba mwanangu kakosea mpaka Kampala wanangoja kusoma. Nimempa pole kwa Kornel, maana amefanya kazi miaka yote hii na hakuna msomi hata mmoja aliyempinga.

Kisha nimepita kwa Mwalimu, nikamwita Lusia pembeni, nikampa kazi yake ya kwanza ya ukwe: kila msimu amtafutie mumewe kosa moja kubwa.

Kasema hilo halitamshinda, mama.