Tiyo ya volan na bibi-arusi ku rompwa

Hakuna kintu ya motokari inaweza kunishangaza. Njo vile nilikuwa nasema mpaka leo saa sita. Leo, bandugu, nimepata haya mbele ya familia mbili!

Munajua motokari yangu nyeupe, ile ya zamani. Tiyo, ule mupira yenye kupeleka mafuta ya volan (usukani), ilikuwa inavuja, na ya kufanana nayo haiuzwi tena. Mimi masomo yangu iliishia mu darasa ya ine ya primeri (na nyumba iko yangu, musicheke). Nikatwaa tiyo ya mashini ya mugodi, ile inanyanyulaka mawe. Nikaikata, nikaifunga vyuma vya visi, vile vya kukaza na skrubu, ku ncha mbili. Motokari ilikuwa imebanana na ukuta wa lupango, uwanja wa nyumba yangu, magurudumu yakiangalia mbele. Nikapima vile vile.

Dada yangu mudogo Odile, mwenye kuniita yaya maana mimi njo mukubwa wake, akasema:

"Yaya, tulipie jeep ya kukodi. Siku ya ndoa ya mutoto haiko siku ya kujaribu."

"Odile, tiyo hii inaweza kukokota nyumba yako!"

Mutoto, bibi-arusi, ni binti ya marehemu mudogo wetu. Niliapa: mimi njo nitamubeba mpaka kanisa.

Kutoka lupango, kata kuume. Sawa. Mpaka kanisa, njia yenye kunyooka. Sawa! Misa ikaisha, maharusi bakaingia nyuma, Odile mbele na kitenge yake mupya ya superwax, ile ya bei kali. Na munajua desturi yetu: motokari zote ku rompwa, ule muzunguko wa njia panda, klakisoni zinalia, duara tatu.

Duara ya kwanza, bamama banapiga vigelegele. Ya pili, nikakata volan sana kushoto ili bapiga-picha banione vizuri (kiburi hicho!). PAA! Tiyo ikachomoka. Ilikuwa fupi! Magurudumu yakigeuka kushoto kabisa, inavutwa. Ukutani sikuyageuza hata mara moja.

Volan ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Kutoka rompwa lazima ukate kuume. Nikavuta. Wapi! Nikaendelea kuzunguka, nikicheka-cheka. Duara ya tano. Motokari kumi na moja nyuma yangu banafuata, banafikiri ni heshima!

"Baba Mukubwa," bibi-arusi akasema, "tulisema tatu."

"Nakuongezea, mutoto wangu."

Ya saba, moshi ukatoka ku kapo, mufuniko wa injini. Odile akaona jasho langu. Akaweka chini maua alikuwa anashika, akashika volan na mikono mbili.

"Vuta, muongo wewe!"

Tukavuta. Tukatoka, tukasimama pembeni. Bajomba ya bwana-arusi baliona vyote: muzee mwenye suti anaendeshwa na dada yake.

Sasa musikilize. Muntu mwingine angelia. Mimi nilivua koti. Mu kofa, kule nyuma tunawekaka mizigo, kulikuwa kipande ya tiyo yenye kubakia, funguo na bidoni ya mafuta (mimi sitembeake bure). Nikaambia Odile ashuke asimame karibu nami, na bwana-arusi akae ku volan.

"Geuza kushoto mpaka mwisho! Sasa kuume mpaka mwisho!"

Nikapima pale tiyo inavutwa sana, nikaongeza upana wa kiganja, nikakata kile kipande. Nikafunga, nikatia mafuta. Bantu balishuka mu motokari zao, bakaanza kucheza barabarani, bibi-arusi katikati! Mbele ya nyimbo ya tatu kuisha, volan inageuka na kidole kimoja.

Tukarudi ku rompwa. Duara tatu, kushoto kabisa. Hata tone moja halikuanguka! Mujomba wa bwana-arusi, mwenye jeep mupya, akashusha kioo: "Papa, kesho utanipimia na mimi?"

Bandugu, nilishinda.

Kuko kintu kimoja tu. Mu karakana yangu, kitambaa ya kupanguzia mikono inakalaka siku zote kuume kwangu. Nilipomaliza kufunga, sikuangalia. Nikanyoosha mikono kuume, nikapanguza vizuri, mbele na nyuma.

Kuume alisimama Odile.

Tiyo: bure, niliiokota. Superwax: franka elfu mia moja na makumi munane na tano.